Waandishi Wanaorudi

Eldoret imeandikwa sana, na imeandikwa kwa haraka. Mgeni hushuka uwanja wa ndege Jumatatu, akachukua gari hadi Kaptagat au Iten, akawaona wanariadha wakipita alfajiri kwenye barabara ya udongo mwekundu, akazungumza na kocha mmoja, akaonjeshwa maziwa ya mgando ya mursik, na kufikia Ijumaa dunia nzima inasoma kuhusu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ugali na umaskini wa utotoni. Kila uchaguzi unapokaribia huja wengine. Hawa hupiga picha Kiambaa, mahali kanisa lilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, tarehe 1 Januari 2008, likiwa na watu ndani, wakauliza wenyeji kama moto utawaka tena, wakaondoka kabla ya matokeo kutangazwa. Sisemi kwamba waliyoyaandika ni uongo. Mengi ni kweli, lakini ni ukweli wa mtu aliyefika mara moja.

Nataka kuwasifu waliofika tena. Nazungumzia makala marefu ya kihabari, yale yanayochukua kurasa ishirini au hata toleo zima la jarida, ambayo msomaji huanza jioni akajikuta chai imepoa. Wengi hudhani sifa yake ni urefu. Urefu huja wenyewe, baada ya kazi. Kazi yenyewe ni kurudi: kurudi kwa mtu aliyekwisha kukujibu ukamuuliza upya, kurudi kwenye faili ulilodhani umelimaliza, kurudi kijijini kamera zikiwa zimeondoka, na pengine kurudi baada ya miaka arobaini.

Miaka arobaini si kutia chumvi. Bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na kwa muda mrefu wasomaji wa Marekani walielezwa habari za wingu, za nguvu ya mlipuko na za majengo yaliyolala chini. John Hersey alikwenda Japani mwaka uliofuata akachagua watu sita tu: karani wa kike wa kiwandani, mjane wa fundi cherehani na watoto wake, madaktari wawili, padri Mjerumani na mchungaji Mjapani. Toleo la The New Yorker la tarehe 31 Agosti 1946 lilibeba makala hayo peke yake. Ukiyasoma leo, linalokushika ni jinsi Hersey anavyokaa na mambo madogo. Yule karani amekaa mezani kazini na ndiyo kwanza anageuza kichwa amsemeshe mwenzake. Dakika hiyo hiyo rafu za vitabu zinamwangukia na kumvunja mguu. Mwandishi hapigi kelele. Hasemi ni unyama, hasemi ni msiba. Amewauliza watu sita walikuwa wapi, wameshika nini, wanaelekea wapi, akaandika. Kisha mwaka 1985, akiwa mzee, alichapisha katika jarida lilelile sehemu nyingine, iliyoeleza wale sita waliishije baadaye: nani aliugua, nani alihangaika kutafuta riziki, nani alikufa. Kwangu mimi ile sehemu ya pili ndiyo inayoikamilisha ile ya kwanza. Inaonyesha kwamba hakuwachukulia kama watu wa habari moja.

Sasa fikiria Kiambaa ingeandikwa hivyo. Watu sita, asubuhi ile, halafu watu walewale miaka kumi baadaye, na ishirini. Mwaka 2028 hauko mbali.

Ikiwa unaanza kusoma makala ya namna hii, na uko Kenya, ushauri wangu ni uanze na kisa cha David Munyakei alichokiandika Billy Kahora na kuchapishwa na Kwani Trust. Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg International ililipwa na serikali fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza nje, katika nchi isiyochimba almasi. Hati zilipita mezani kwa huyu kijana. Akaziona, akazielewa, akazifikisha kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 kashfa ikafika Bungeni. Alikamatwa, akashtakiwa, akapoteza kazi. Akaenda Mombasa, akasilimu, akaoa. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, wakati mabilioni yaliyoibwa yakiendelea kujadiliwa mahakamani.

Katika gazeti la kila siku Munyakei ni aya mbili, tena katikati ya habari inayohusu wakubwa. Hesabu za Goldenberg ziliandikwa na wengi, na vizuri. Kahora aliona kwamba katikati ya hesabu zile kulikuwa na mtu aliyelipa kwa maisha yake, akamfuata huyo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hakumgeuza kuwa mtakatifu. Mtu aliyefanya jambo kubwa akiwa kijana, kisha akaishi miaka mingi akilisimulia kwa mawakili, kwa maafisa wa tume ya uchunguzi na kwa wanahabari, huwa amelizoea simulizi lake mwenyewe. Maneno yanakuja yamepangwa tayari. Ripota wa haraka hufurahi akipewa simulizi kama hilo, kwa kuwa linaingia gazetini bila kuguswa. Mwandishi mwenye subira hushuku wepesi huo. Hungoja mpaka mtu amalize lile alilozoea kulisema, anyamaze, kisha aanze kusema lile ambalo hajawahi kuulizwa: kodi ya nyumba, mama mzazi, kazi alizoomba akanyimwa, marafiki waliovuka barabara walipomwona. Ukimaliza kusoma, Goldenberg inaacha kuwa jina la kashfa. Inakuwa kiti kilichoachwa wazi kazini na familia iliyohama.

Kazi nyingine ninayowapa watu waisome, hasa vijana wetu wa riadha, ni ile ya Xan Rice kuhusu Samuel Wanjiru, iliyotoka katika The New Yorker mwezi Mei 2012. Wanjiru alipelekwa Japani akiwa mvulana wa shule, na mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, dhahabu ya kwanza ya Kenya katika mbio hizo. Tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Wiki ile vyombo vya habari vilijaa: polisi walisema hivi, mama yake akasema vile, mjane akasema vingine. Rice alichapisha mwaka mzima baadaye. Huo mwaka ndio ufundi. Watu wanaoomboleza husema yale yanayohitajika kusemwa matangani. Baada ya miezi kadhaa husema mengine. Na mwandishi anaposhindwa kujua kwa hakika kilichotokea usiku ule, humwekea msomaji kila maelezo pamoja na aliyeyatoa, na hajifanyi alikuwapo.

Kuhusu wakimbiaji wa huku kwetu kuna vitabu viwili vya wageni ambavyo navitetea kila ninaposikia vikidharauliwa. Adharanand Finn, Mwingereza, alihamia Iten na mke na watoto wake, akafanya mazoezi na vikundi vya pale, na mwaka 2012 akatoa kitabu chake. Hakugundua siri ya ushindi, na nashukuru hakujidai kuigundua. Alichopata ni mwendo wa siku, vile mwanariadha asiyejulikana anavyolala, anavyokula, anavyongoja meneja ampigie simu. Ed Caesar naye, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu marathoni ya saa mbili, alimfuata Geoffrey Mutai, aliyekimbia Boston mwezi Aprili 2011 kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 2. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi hiyo, lakini muda wake haukukubaliwa kuwa rekodi ya dunia, kwa sababu njia ya Boston inateremka kupita kiasi na mwisho wake uko mbali mno na mwanzo wake. Caesar anaanzia kwenye dhuluma hiyo ndogo ya kisheria na kwa mtu mmoja anakueleza biashara nzima ya marathoni: mawakala, zawadi, viatu, dawa, ndugu wanaoomba karo. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kitabu hicho na makala mia ya mita 2,400.

Lakini ufundi huu hauhitaji bomu wala bingwa wa Olimpiki. Chukua jambo la kila mwaka katika kaunti ya Uasin Gishu: mahindi. Msimu wa mavuno ukifika, ripota hutumwa kwenye bohari la Bodi ya Nafaka na Mazao mjini. Anakuta foleni ya malori, anamuuliza mkulima mmoja ambaye analalamika, anampigia afisa mmoja ambaye anakana, anataja bei ya gunia la kilo 90, basi. Kazi imekwisha saa saba mchana na hakuna kosa ndani yake.

Mwandishi wa makala marefu hupanda lori. Hukaa na dereva mpaka usiku, akaona turubai inavyofunguliwa mvua inapokatika na kufungwa wingu linapotanda. Asubuhi anasimama karibu na anayepima unyevu. Mahindi yanayozidi asilimia 13.5 hurudishwa, na hapo mwandishi anaona uso wa mtu aliyekodi gari kutoka Moiben akiambiwa arudi nayo. Anamfuata. Anamkuta kando ya lami ametandaza turubai, mahindi yameanikwa, mtoto ameshika fimbo anafukuza kuku, na mnunuzi binafsi amekwisha kufika na mizani yake akijua kabisa kwamba mwenye mahindi ana deni la mbolea. Anauliza bei. Anaomba kuona risiti ya lori. Anahesabu pamoja na mkulima, kwa kalamu, kilichobaki. Mwezi wa nne, wakati wa kupanda, anarudi kuona shamba limepandwa nini. Sasa ana makala, na kila sentensi yake ina mtu, mahali na karatasi nyuma yake. Msomaji wa Nairobi anayenunua unga kwa pakiti atajua kitu ambacho hakuna taarifa ya waziri ingemweleza.

Nimetaja karatasi kwa makusudi. Sifa ya uandishi huu husemwa mara nyingi kana kwamba ni uzuri wa lugha tu. Lugha nzuri bila hati ni hadithi. Gabriel García Márquez, kabla hajawa mwandishi wa riwaya anayejulikana duniani, alikuwa ripota wa gazeti la El Espectador la Bogotá. Mwaka 1955 alikaa na baharia aliyenusurika siku kumi juu ya chelezo katika Karibi, vikao ishirini vya saa sita kila kimoja, akimwuliza maswali ya mtego kuona kama atajikanganya. Baharia hakujikanganya. Na katika kuuliza kwa undani kukafichuka jambo ambalo serikali haikulitaka: hapakuwa na dhoruba, meli ya kivita ilikuwa imebeba bidhaa za magendo sitahani, na bidhaa hizo ndizo zilizokatika kamba na kuwasukumiza mabaharia majini. Kisa kilitoka kwa sehemu kumi na nne, na watu walinunua gazeti mfululizo. Swali dogo kuhusu hali ya hewa ndilo lililoiumbua serikali.

Kwa habari ya ghasia za mwaka 2008, napendekeza usome vitu viwili pamoja. Cha kwanza ni ripoti ya Tume ya Waki ya mwezi Oktoba mwaka ule, ile iliyohesabu vifo 1,133 nchi nzima. Ni ripoti ya serikali, na imeandikwa kwa uangalifu ambao vyumba vingi vya habari vingeuonea fahari. Cha pili ni toleo la tano la jarida la Kwani?, lililotoka kwa juzuu mbili mwaka huohuo. Jarida hilo lilianzishwa mwaka 2003 na Binyavanga Wainaina pamoja na wenzake. Katika toleo hilo waandishi walitoka wakakusanya ushuhuda wa watu wa kawaida, wakauacha usomeke kwa sauti za wenyewe. Ripoti inakupa kipimo, jarida linakupa sauti. Ukisoma kimoja bila kingine utakuwa umesikia nusu.

Kuna wanaoniambia kwamba haya ni mambo ya Kiingereza, kwamba Kiswahili ni lugha ya habari fupi na ya mashairi. Nawajibu kwa majina. Salim bin Abakari alisafiri mwaka 1896 na Mjerumani aitwaye Bumiller hadi Urusi na Siberia, akaiandika safari hiyo kwa Kiswahili. Carl Velten akaichapisha mwaka 1901 pamoja na safari za wengine. Ni kweli kwamba Velten alikuwa na haja zake za kikoloni alipokusanya maandishi yale. Hata hivyo kalamu ilikuwa ya Salim, na alitazama nchi za wazungu kama mtu mwenye haki ya kuzitazama na kuwaeleza wenzake wa pwani alichokiona. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika desturi za watu wake kwa kina ambacho hadi leo wataalamu wanakitegemea. Shaaban Robert alikwenda kumsikiliza Siti binti Saad mwenyewe kabla mwimbaji huyo hajafariki mwaka 1950, na wasifu aliouandika umetoka katika mazungumzo hayo. Katika zama zetu, Mohammed Ali na John Allan Namu walipofanya Jicho Pevu pale KTN, walitumia Kiswahili kufuatilia jambo moja kwa saa nzima za televisheni, na watu waliacha baa na mechi wakatazama. Msomaji na mtazamaji wa Kiswahili hakuwahi kukosa subira. Amekosa kuandikiwa.

Na mjini kwetu visa vinangoja. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, na usiku wa tarehe 11 Februari 2024 akafa katika ajali ya gari karibu na Kaptagat, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Kuhusu Kiptum tumesoma mengi. Hakizimana, Mnyarwanda aliyekuja kufanya mazoezi kwenye milima yetu na aliyewahi kusimulia kwamba alimjua bingwa huyo tangu akiwa mtoto mchungaji wa mifugo, anastahili kurasa zake mwenyewe. Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Rebecca Cheptegei wa Uganda alifariki katika Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Eldoret tarehe 5 Septemba 2024, baada ya kuchomwa moto. Kila kifo kiliandikwa wiki yake. Bado namngojea mwandishi atakayeviweka vifo vya wanawake hawa wawili pamoja, akapekua hati za ardhi, mikataba ya zawadi na majina yaliyoandikwa kwenye vyeti vya umiliki, akakaa na wanawake wanaokimbia leo mpaka wamwambie nani hushika kadi ya benki.

Najua kinachozuia. Mwakilishi wa gazeti huku mikoani mara nyingi hulipwa kwa kila habari iliyochapishwa, na nauli ya Endebess anaitoa mfukoni mwake. Makala yanayochukua miezi minne, kwa hesabu hiyo, ni miezi minne bila mshahara. Lakini wahariri wanaoweza kumtoa ripota mmoja tu, kwa msimu mmoja tu wa mahindi, wapo, na Chuo Kikuu cha Moi kina wanafunzi wenye muda, daftari na simu yenye kinasa sauti, walio mwendo wa matatu moja kutoka karibu kila kisa cha huku kwetu nilichokitaja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama una kijana nyumbani anayesomea uanahabari, mtafutie kisa cha Munyakei akisome kabla hajapata kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari. Akimaliza, mwulize ni nani hapa Eldoret angependa kumwendea mara ya pili, kisha umlipie nauli.